SOMO: Kazi za nje kwa watoto wanaosomea nyumbani hapa Pwani (soma lote kabla hujauliza)

Naandika somo hili kwa sababu kila wiki naulizwa swali lile lile: "Mama, watoto wako huwapeleka wapi?" Nimelijibu kwa simu, nimelijibu arusini, nimelijibu kwenye foleni ya feri ya Likoni. Leo naliandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Nasomesha watatu nyumbani, Kisauni, mwaka wa nne sasa. Wana miaka 13, 10 na 7. Mwaka wa kwanza nilikuwa na orodha ndefu ya sehemu za kutembelea na tukaimaliza yote. Mwisho wa mwaka nikawauliza wanakumbuka nini, wakanitajia soda, tuktuk, na tumbili aliyetunyang'anya mkate. Mwaka wa pili pesa zilipungua, tukawa tunakwenda ufukwe ule ule wa karibu na nyumbani, karibu kila wiki. Hapo ndipo nilipoanza kuulizwa maswali nisiyoweza kuyajibu, nikajua sasa wanasoma. Kwa hivyo ukiniuliza "wapi", jibu langu ni mahali pamoja, mara nyingi, na mtu ambaye hapo ndipo penye riziki yake.

Hatua ya 1. Chagua sehemu moja mnayoweza kufika kwa miguu au kwa matatu moja.

Hatua ya 2. Nenda peke yako kwanza, bila watoto, uangalie choo kiko wapi, kivuli kiko wapi na nani yuko hapo saa hizo.

Hatua ya 3. Mtafute mwenye kazi. Mvuvi, fundi wa mashua, mfuga nyuki wa mikokoni, mama anayesuka makuti. Usimwendee na daftari na maswali. Mwamkie, kaa, nunua kitu chake, rudi siku nyingine. Mara ya tatu ndipo umwambie una watoto wanaotaka kuona kazi. Na umlipe. Muda anaowapa watoto wako ni muda anaoutoa kwenye kazi yake, na mtu akilipwa humruhusu mtoto ashike chombo, badala ya kumwambia "simama pale utazame". Watoto wangu walijifunza kalafati kwa fundi mmoja mzee: kusokota pamba, kuishindilia kwenye nyufa za mbao kwa patasi butu, kupaka sifa, yaani yale mafuta ya papa, juu ya mbao, na chini kabisa deheni ya chokaa na shahamu. Walinuka siku mbili. Lakini yule wa miaka 10 sasa ukimuuliza kwa nini pamba ikilowa huziba zaidi badala ya kulegea, atakueleza kuwa pamba na mbao huvimba kwa maji na kubanana. Hakusoma hilo kitabuni.

Hatua ya 4. Jua msimu. Kaskazi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa safi, unaona chini. Kusi likishika, Aprili hadi Septemba, mawimbi ni makubwa na mwani hujaa ufukweni. Masika ya Aprili na Mei sisi hufanya kazi za udongo na mbegu nyumbani. Na nendeni siku za kazi. Kama unasomesha nyumbani halafu unakwenda ufukweni Jumapili pamoja na mji mzima, sijui unafaidi nini.

Hatua ya 5. Soma maji. Hapa ndipo nilipokosea, na hapa nitakaa.

Mwaka ule wa pili niliwachukua wanangu watatu na wanne wa jirani, watu wazima tukiwa wawili, tukaenda mwambani siku ya bamvua, yaani siku maji yanapopwa sana na kujaa sana. Nilijua maji yatakupwa kabisa saa 4 asubuhi, basi nikapanga tufike saa 4. Tukafika saa 4. Tukatembea hadi karibu na mawimbi yanapovunjikia, watoto wakamwona pweza kwenye tundu lake, na hakuna aliyetaka kuondoka hapo. Ilipokaribia saa 6 nikageuka kuangalia nyuma. Kati ya mwamba na ufukwe kuna bonde, tulilivuka maji yakiwa vifundoni. Sasa lilikuwa maji matupu. Maji hayakuja kutoka mbele tulikokuwa tukitazama. Yaliingilia mlango wa mwamba, yaani pengo la mwamba, pembeni, yakajaza lile bonde nyuma yetu kwanza, wakati pale tuliposimama miguu ilikuwa bado iko nje. Tulipolifikia, yalikuwa kifuani mwa mwanangu mdogo, wakati huo ana miaka 5, na mkondo unavuta. Mvuvi aliyekuwa akirudi na ngalawa alituona akaja, akawapakia wadogo watatu, sisi wengine tukashikana mikono tukavuka. Hakuna aliyeumia. Sikulala usiku ule, na kwa miezi miwili sikukanyaga ufukweni.

Baadaye nilimfuata yule mvuvi kumshukuru, akaniambia kosa langu: watu wa pwani huenda mwambani maji yakiwa yanatoka, na hugeuka kurudi yanapokwisha kutoka. Mimi nilikwenda wakati wa wao kurudi.

Basi shikeni haya.

Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6 na dakika 12. Hayapandi kwa kasi moja. Mabaharia hukadiria hivi: gawa kimo chote mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ya Mombasa ikiwa ya mita 3, saa ya kwanza ni sentimita 25, unaona kama hakuna kitu. Saa ya pili 50. Jumla sasa ni 75, na mtoto wa miaka 5 hana kimo cha kuchezea maji hayo. Saa ya tatu pekee inaongeza 75 nyingine. Ile saa ya kwanza ya utulivu ndiyo inayodanganya.

Saa hubadilika. Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50. Ukienda Jumatatu maji yamekupwa saa 4, Jumatatu inayofuata saa 4 hiyo hiyo utakuta yamejaa au yanakaribia kujaa. Hapa Mombasa bamvua hupwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hiyo ni neema kwetu, kwa sababu unaweza kuingia mwambani saa 2 na nusu jua halijawa kali na saa 4 mnageuka.

Siku za bamvua huzijua kwa mwezi: siku za mwezi kuandama na siku za mwezi mpevu, na mbili tatu baada yake. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapwi sana wala hayajai sana, na mwamba hautoki vizuri. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana jedwali tayari ukutani. Lakini usitegemee mwezi peke yake, tumia jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Jedwali hilo limeandikwa kwa saa za kizungu: 10:00 ndiyo saa 4 asubuhi, na 04:00 ndiyo saa 10 alfajiri. Kuna mzazi aliyesoma "04" akafungasha watoto saa 4 asubuhi, akakuta maji yamejaa hadi ukutani. Alipata bahati kwamba alikosea upande huo.

Kwa hiyo: ingia saa moja na nusu kabla ya maji kukupwa kabisa, weka kengele ya simu ilie saa ya kupwa, na ikilia mnageuka, hata kama pweza anacheza ngoma. Mtu mzima mmoja kwa watoto wawili, wadogo mmoja kwa mmoja. Muulize mvuvi mlango wa mwamba uko wapi kabla ya kuvuka bonde lolote. Radi ikisikika, tokeni.

Hatua ya 6. Beba maji ya kunywa, kofia, raba za zamani (si malapa, malapa hubaki matopeni), kamba ya mita 10, penseli na daftari. Kalamu ya wino hufutika.

Hatua ya 7. Wape mikono kazi. Sisi tuna fremu ya mbao nyembamba, nusu mita kila upande. Unailaza mwambani, unahesabu kila kilicho ndani, unaandika, unasogea hatua 10 kuelekea baharini, unailaza tena. Baada ya miezi michache mtoto anaona mwenyewe kwamba jongoo bahari wako huku kwenye mchanga na nyasi, matundu ya pweza yanaanzia pale, na karibu na mawimbi ni viumbe wengine kabisa. Kuhesabu, kuchora, kuandika, yote yamo. Na hakuna kinachorudi nyumbani. Makombe yanabaki pale, kwa sababu kaa asiye na gamba lake anahitaji gamba la aliyekufa, na ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, kuokota ni kosa la kisheria. Konokono mwenye gamba la umbo la pia asiguswe hata akipendeza vipi, ana sumu. Kuna pia samaki anayefanana na jiwe, na miiba yake ndiyo sababu ya raba. Mtoto asitie mkono kwenye tundu asiloliona ndani.

Hatua ya 8. Safari ya mbali, mara moja kwa muhula inatosha, na iwe na swali linalotoka kwenye sehemu yenu ya kila wiki.

Haller Park, Bamburi: wengi huenda kwa habari ya Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Desemba 2004 wakati wa tsunami akamfanya kobe Mzee kuwa mama yake. Ni habari nzuri. Lakini waonyesheni udongo. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jiwe tupu linalochoma. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti. Kati ya aina 26 alizojaribu zilisimama 3, na mvinje ndio ulioshika kweli. Majani yake yakaanguka yasioze, mpaka wakaletwa majongoo, wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Sisi tuliporudi nyumbani tuliweka majani ya mvinje kwenye ndoo mbili, moja na majongoo, moja bila. Ndoo hizo zilikaa uani miezi mitano.

Gazi, Kwale: mikoko. Kina mama wa pale wana njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na kuna mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unaouza hewa ukaa inayohifadhiwa na msitu huo, pesa zikaenda kwenye maji na shule za kijiji. Waonyeshe tunda la mkoko linavyoota likiwa bado limening'inia mtini, halafu linadondoka na kujichoma topeni.

Gede, magofu ya mji wa kale, na msitu wa Arabuko-Sokoke: siku mbili, si moja. Gede tulipima vyumba vya jumba kwa hatua tukachora ramani. Karibu na lango kuna Kipepeo, mradi wa tangu 1993 ambapo wakulima wa kando ya msitu hufuga buu wa vipepeo hadi hatua ya kifukofuko na kuwauza ng'ambo, kwa hiyo msitu unawalisha ukiwa umesimama. Msituni ingieni alfajiri na kiongozi wa pale. Sange mwenye kiuno cha manjano, mnyama mdogo wa pua ndefu, yuko huko, na nje ya ukanda huu huwezi kumwona.

Kaya Kinondo, kusini kidogo ya Diani: utafungwa kaniki, kile kitambaa cheusi, kiunoni, hutachukua hata jani, na utasikiliza wazee. Makaya ya Mijikenda yaliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Usiwapeleke watoto wasiojua kunyamaza. Wafundishe kunyamaza kwanza.

Kuhusu malipo: hifadhi na makumbusho ya serikali hulipiwa kwa eCitizen, bei hubadilika, angalia mwenyewe. Kuna ofisi ilitukatalia bei ya wanafunzi kwa kuwa hatukuwa na barua ya shule. Tulichofanya baadaye ni kuungana familia nne, tukaandika barua moja yenye majina ya watoto, umri, na vitambulisho vya wazazi, tukaipeleka wiki mbili kabla. Sehemu nyingi zilikubali.

Basi. Ulizeni, lakini someni kwanza.

MAJIBU NA MASWALI

Mkaa_Bamburi: Asante kwa somo. Kwa hivyo maji hupwa saa 4 kila siku, siyo?

MamaWatatu: Hapana. Rudi hatua ya 5, aya ya saa kubadilika. Usimpeleke mtoto baharini kabla hujaielewa.

Mtwapa_Leo: Niko na watoto leo, naweza kuwapeleka mwambani saa 8 mchana?

MamaWatatu: Leo mwezi ni wa ngapi? Jedwali linasema nini? Kama huna majibu hayo mawili, cheza nao mchangani, na mwambani usiende.

Mtwapa_Leo: Nilidhani utanijibu tu ndiyo au la.

MamaWatatu: Nikikujibu ndiyo leo, kesho utakwenda saa hiyo hiyo. Mimi nimeona maji kifuani mwa mwanangu. Angalia jedwali, uniandikie umeona nini, nami nitakaa nawe hata saa nzima.

BintiPwani: Dada, samahani, mimi nimekulia hapa hapa Kongowea na neno bamvua nimelisikia tangu utotoni, lakini sijawahi kujua kwa nini mwezi unahusika. Mwanangu wa miaka 9 ameniuliza nikanyamaza. Nimwambieje?

MamaWatatu: Hakuna samahani hapa, swali hili ndilo nililokuwa nalingoja. Mwezi unavuta maji ya bahari, na jua pia linavuta, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko mwezi. Siku mwezi unapoandama na siku unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi viko karibu kwenye mstari mmoja, mivuto miwili inajumlishana, maji yanapanda sana na kushuka sana. Mwezi ukiwa nusu, kama tarehe 7 na 22 za mwezi mwandamo, mwezi unavuta huku na jua linavuta kwa upande, mmoja unampunguza mwenzake, ndiyo maji mafu. Bahari ni nzito, hukawia kuitika, ndiyo maana bamvua kubwa huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Mfanyie hivi: chagua nguzo au ngazi ya ukuta wa bahari, apige alama ya chaki maji yanapofika juu kabisa, aandike tarehe ya mwezi, kwa siku 15. Ataona alama zinashuka halafu zinapanda. Usimwambie jibu kabla ya siku ya 10.

BintiPwani: Mungu akubariki. Tunaanza kesho.

MamaNeema_Nairobi: Sisi wa bara hatuna bahari. Nina wawili, miaka 8 na 11. Tuanzie wapi?

MamaWatatu: Mimi Nairobi siijui vya kutosha nikakuelekeza. Wapo wenzetu wa huko humu, wakusaidie. Hatua ya 1 hadi ya 3 ni zile zile.

BabaPacha_Ngara: Dada Neema, mimi nina pacha wa miaka 10. Tulichagua Arboretum, tunakwenda kila Jumanne. Ilianzishwa 1907 kujaribu miti inayokua haraka kwa ajili ya kuni za reli, kwa hiyo kuna miti kutoka pande nyingi za dunia na mingi imewekwa vibao vya majina. Kila mtoto amechagua miti mitano "yake", anapima mzunguko wa shina mara moja kwa muhula na kuandika inapochanua. Karura nayo ni nzuri kwa mto na mapango, na pia watoto wajue msitu ule ungekuwa majumba leo kama Wangari Maathai na wenzake wasingesimama mwishoni mwa miaka ya 1990.
Halafu kuna kazi ambayo haitaki nauli: kijiti na kivuli. Simamisha kijiti wima uani, kila Ijumaa pima kivuli chake kikiwa kifupi kabisa, saa 6 na nusu mchana hivi. Sisi tuko karibu na ikweta, kivuli huelekea kusini miezi fulani na kaskazini miezi mingine. Nairobi kinakaribia kutoweka katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Pacha wangu siku ile waliita majirani.

MamaWatatu: Baba Pacha, hii naichukua. Mombasa tuko kusini zaidi kidogo, nyuzi 4, kwa hiyo yetu itakuwa kabla ya yenu Machi na baada ya yenu Oktoba?

BabaPacha_Ngara: Ndiyo. Kama tarehe 10 Machi, na 4 Oktoba hivi. Waache watoto wenu wapime, tulinganishe na wetu. Tofauti ya tarehe ndiyo tofauti ya umbali kutoka ikweta.

MamaWatatu: Tumekubaliana. Nitafungua uzi wake Septemba.

Mzazi_Msomi: Nauliza tu. Haya ni matembezi. Hesabu watasoma lini? Na je, hata inaruhusiwa kisheria kusomesha nyumbani?

MamaWatatu: Kuhusu sheria: Sheria ya Elimu ya Msingi ni ya mwaka 2013, isome kisha ukae na wakili, uzi huu ni wa kazi za nje. Kuhusu hesabu: wangu husoma hesabu kila asubuhi mezani, siku nne kwa wiki. Siku ya tano wanaitumia. Mafungu 12 ya maji niliyoyaeleza hapo juu ni sehemu, na yule wa miaka 10 alizielewa sehemu siku aliyokokotoa maji yatafika wapi mwilini mwake saa ya pili. Ukiita hayo matembezi, sitakukatalia, lakini njoo nawe utembee nasi siku moja kabla ya kuandika tena.

Naomba_Orodha: Tafadhali tuma orodha ya sehemu zote za Pwani na bei zake na namba za simu za viongozi.

MamaWatatu: Bei: eCitizen na langoni. Namba za watu sizitoi hadharani. Orodha: nimeeleza kwa nini haikunisaidia.

Mama_Amani: Mimi naogopa kidogo kuuliza. Mwanangu ana miaka 8, haoni vizuri, anatambua mwanga na vivuli tu. Somo lako lote ni la kutazama. Kuna anachoweza kufanya nje?

MamaWatatu: Mama Amani, umenifanya nisome tena nilichoandika, na kweli ni macho matupu. Nisamehe. Mpeleke mikokoni. Mchu hutoa chumvi kupitia majani yake: apitishe ulimi juu ya jani la mchu, kisha jani la mkoko, akuambie lipi lina chumvi. Watoto wangu wanaoona hawakuwahi kujua hilo hadi fundi alipowaonjesha. Ashike mizizi: ya mkoko imejipinda kama miguu ya buibui, ya mchu imesimama topeni kama penseli, atajua mti kwa mkono bila kuambiwa. Na maji yakiwa chini mnyamaze dakika tano. Utasikia tope linaalika, tik tik tik. Ni kamba wadogo wanaopiga makucha. Achague mwenyewe saa ambayo sauti ni nyingi na aikariri. Njia ya mbao ya Gazi inafaa kuanzia, lakini iendee peke yako kwanza uone mbao zikoje. Kisha Fort Jesus, kuta zake ni mawe ya matumbawe, akipapasa atakuta alama za bahari ndani ya ukuta uliojengwa kuanzia 1593. Niandikie ujumbe faraghani, twende wote mara ya kwanza.

Mama_Amani: Sina la kusema. Asante sana.

Fundi_Jomvu: Nyongeza ya mtoto wa Mama Amani: njooni pia kwa wafuga nyuki wa mikokoni, nje ya mzinga mbali kidogo. Mtoto anayesikia vizuri hujua nyuki wametulia au wamekasirika kabla yetu sisi tunaotazama. Na asali ya mikokoni ina chumvi kwa mbali, ataitambua.

Mgeni_Shanzu: Watoto wakichomwa na wale wanyama wa baharini wenye miiba mirefu myeusi, bibi yangu hupaka maziwa ya papai bichi. Ni sawa?

MamaWatatu: Wazee wengi hutumia papai na ndimu, siwabishii. Mimi natumia maji ya moto, kiasi mkono wangu mimi unavumilia bila kuungua, mguu unakaa humo nusu saa au zaidi, maumivu hupungua sana. Miiba inayochomoza nje naivuta kwa kibano, iliyozama siichimbi. Ikiwa karibu na kiungo, au mtoto ana homa, au pamevimba, ni hospitali. Na akikanyaga yule samaki wa jiwe usingoje chochote, mguu kwenye maji ya moto mkiwa njiani kwenda hospitali.

Mkaa_Bamburi: Nimerudi. Nimesoma hatua ya 5 mara mbili na nimepata jedwali. Jumatano ijayo linaonyesha 09:52, mita 0.3. Ina maana tuingie saa 2 na dakika 20 na saa 4 kasoro tuwe tumegeuka?

MamaWatatu: Ndivyo hasa. Na hiyo 0.3 inaonyesha ni bamvua nzuri. Muulize mvuvi wa hapo mlango uko wapi. Mkaa, niliandika kwa ukali mwanzo, lakini sasa naweza kukuachia watoto wangu mwambani.

BintiPwani: Leo ni siku ya 11 ya chaki. Alama ya leo imepita zote. Mwanangu amesema mwezi umekaribia kujaa nao maji yamejua. Lakini anasema alama za asubuhi na za jioni hazilingani, siku nyingine jioni ni juu zaidi. Sikumwambia kitu kwa sababu sijui.

MamaWatatu: Ameona kitu ambacho wangu walikihitaji miezi kuona. Usimjibu bado. Mwambie aandike asubuhi na jioni kwenye mistari miwili tofauti, aendelee hadi siku ya 30, kisha uniletee picha ya ukurasa.